Jibu la Nyongeza

Swali la msingi halimpimi waziri. Limeandikwa, limepewa namba, limefika wizarani kabla ya siku yake, na jibu lake limepita mezani kwa wataalamu, wakurugenzi na Katibu Mkuu kabla halijafika kwenye kipaza sauti. Kinachompima ni dakika inayofuata, Spika anapomrudia muulizaji na kumpa nafasi ya nyongeza. Hapo karatasi imekwisha. Mbunge anaruhusiwa maswali mawili, na mara nyingi hayo mawili ndiyo aliyotoka nayo jimboni. Lile la msingi lilikuwa la kufungulia mlango. Waziri anasimama na kile alichonacho kichwani, pengine na kikaratasi alichopitishiwa na wataalamu wake, na nchi nzima inamsikiliza.

Nimekuwa msikilizaji wa kipindi cha maswali na msomaji wa Hansard kwa muda mrefu, na katika wizara zote zinazohojiwa Dodoma, Wizara ya Afya ndiyo inayonifanya niongeze sauti ya redio. Swali la afya huja na mgonjwa ndani yake. Mbunge akiuliza habari za gari la wagonjwa, nyuma ya swali yuko mama aliyepakiwa kwenye bodaboda usiku akiwa na uchungu. Akiuliza habari za maiti kuzuiliwa hospitali kwa sababu ya deni, nyuma yake iko familia iliyokwisha kuchimba kaburi na bado inasubiri. Waziri anatakiwa ajibu kwa takwimu, kwa sera na kwa sheria, na asiisahau familia hiyo; akiegemea mno upande mmoja, jibu linaharibika. Tumezoea kuhesabu majengo na mashine tunapopima utendaji wa waziri, ilhali sehemu kubwa ya kazi yake hufanywa kwa maneno, hadharani, akiwa amesimama. Ufundi huo wa kusema ndio ninaotaka kuutazama kwa karibu, na kuusifu.

Tuanze na jibu la karatasi, maana hata hilo lina uzuri na ubaya wake. Kikao cha asubuhi huanza saa 3. Dua husomwa, hati huwasilishwa mezani, kisha maswali. Majibu ya afya kwa kawaida husomwa na Naibu Waziri, naye hufungua kwa maneno ambayo kila msikilizaji wa Bunge anayajua kwa ghibu: Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri wa Afya, naomba kujibu swali la Mheshimiwa fulani, Mbunge wa jimbo fulani, kama ifuatavyo.

Chukua swali la aina inayoulizwa kila mkutano: ni lini kituo fulani kitapata mashine ya X-ray? Jibu baya huanza kwa kusema Serikali inatambua umuhimu wa huduma za mionzi, likapita kwenye azma ya kuboresha afya za wananchi, likamalizikia kwenye ahadi kwamba mashine itapelekwa kadiri fedha zitakapopatikana. Halina kosa hata moja, na halina kitu. Jibu zuri linaeleza kazi yenyewe ilivyo. Mashine hiyo inahitaji chumba ambacho kuta na milango yake imekingwa ili mionzi isivuje. Inahitaji umeme wa kutosha. Inahitaji mtaalamu wa radiolojia. Na chumba hicho hakifunguliwi mpaka Tume ya Nguvu za Atomiki itoe kibali. Halafu linasema ni kipi kati ya hivyo kipo na kipi bado, na fedha ya kilichobaki imewekwa kwenye bajeti ya mwaka gani. Mbunge aliyepata jibu hilo anaweza kurudi jimboni akawaambia watu tatizo ni chumba, si mashine, na mwakani akauliza habari za chumba. Jibu limempa kazi ya kufanya. Lile la kwanza limempa kitu cha kulalamikia tu.

Ugumu wa pekee wa wizara hii ni kwamba waziri wake huulizwa kila siku habari za majengo ambayo si yake. Zahanati ya kijiji, kituo cha afya cha kata na hospitali ya halmashauri viko chini ya TAMISEMI, ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Wizara ya Afya inashika sera, miongozo, ubora, dawa kupitia Bohari ya Dawa, na hospitali za rufaa kwenda juu. Hata hospitali za rufaa za mikoa zilihamishiwa kwake mwaka 2017 tu. Mwananchi hajali mpaka huo, na sioni kwa nini ajali: aliyekosa dawa amekosa dawa. Lakini waziri hawezi kuuvuka ovyo, kwa sababu akiahidi muuguzi kwa zahanati anaahidi ajira iliyo kwenye fungu la mwenzake. Wasiojua kazi hulimaliza jambo kwa kumwelekeza mbunge kwa TAMISEMI. Mjuzi hujibu sehemu iliyo yake yote, anataja sehemu ya mwenzake kwa jina, kisha anaahidi kitu kilicho ndani ya uwezo wake, kama vile kutuma timu ya usimamizi au kufuatilia mzigo wa dawa. Kwa upande wa Zanzibar mpaka ni mkali zaidi, kwani afya si jambo la Muungano. Mbunge kutoka Pemba anapouliza kuhusu hospitali ya kwao, waziri anatakiwa amjibu kwa heshima ileile huku akijua kwamba anayewajibika yuko Unguja, mbele ya Baraza la Wawakilishi.

Nikimtafuta mtu ambaye kazi yake bungeni inauonyesha ufundi huu kwa urefu, narudi kwa Ummy Mwalimu. Aliingia Bungeni mwaka 2010 kwa Viti Maalum, akawa Waziri wa Afya Desemba 2015, wakati wizara hiyo ilibeba pia maendeleo ya jamii, jinsia, wazee na watoto. Mwaka 2020 alichaguliwa Mbunge wa Tanga Mjini. Akapita Ofisi ya Makamu wa Rais, akapita TAMISEMI mwaka 2021, akarudi Afya Januari 2022 na kukaa mpaka Agosti 2024. Njia hiyo ina faida isiyoonekana kwenye wasifu wa kawaida. Amekaa pande zote mbili za ule mpaka. Vituo vya afya vya tarafa vilivyoanza kujengwa kwa fedha za tozo ya miamala ya simu vilikuwa vyake akiwa TAMISEMI. Aliporudi Afya, watumishi, vifaatiba na dawa za vituo hivyohivyo vikawa swali la kujibiwa kutoka upande wa pili.

Tena yeye ni mwanasheria. Kiti cha Waziri wa Afya kimekaliwa na madaktari wengi. Leader Stirling, daktari wa upasuaji wa misheni aliyefika Tanganyika mwaka 1935 na kufanya kazi Masasi kabla ya siasa, alikuwa Waziri wa Afya kuanzia 1975 hadi 1980. David Mwakyusa ni daktari, Hussein Mwinyi ni daktari, Dorothy Gwajima pia. Daktari akijibu Bungeni ana silaha ambayo mwanasheria hana: anaujua ugonjwa kwa mikono yake. Lakini naamini Bunge lina namna yake ya kumpendelea mwanasheria. Daktari amezoea kumweleza mgonjwa mmoja, chumbani, mlango umefungwa. Mwanasheria amezoea kusema mbele ya mpinzani anayesubiri ateleze, na anajua kwamba kila neno lililotamkwa limeandikwa. Manaibu wa Ummy katika sekta hii, Hamisi Kigwangalla, Faustine Ndugulile na Godwin Mollel, wote walikuwa madaktari. Jozi ya waziri mwanasheria na naibu daktari ilizaa mtindo ambao msikilizaji makini ataukumbuka: naibu anajibu, anaeleza ugonjwa na tiba, kisha waziri anasimama bila kuulizwa, anampongeza naibu kwa majibu mazuri, na kuomba kuongeza.

Pale kwenye kuongeza ndipo pa kukaa. Maneno ya pongezi yanasikika kama adabu tu, na ni adabu kweli, lakini yana kazi. Yanalinda heshima ya aliyetangulia, kwa sababu mara nyingi waziri anasimama kwa kuwa jibu la naibu limeacha ufa: takwimu imesahauliwa, au mbunge ameonyesha usoni kwamba hakuridhika, au naibu ameahidi zaidi ya bajeti. Waziri mzuri huziba ufa huo bila kumwaibisha mwenzake. Anaongeza sentensi mbili au tatu: mwongozo unasema nini, nani anawajibika, na yeye mwenyewe atafanya nini kufikia lini. Halafu anakaa. Kukaa upesi ni nusu ya ufundi. Nimesikia mawaziri wa wizara mbalimbali waliopata jibu sahihi ndani ya nusu dakika, wakaendelea kusema mpaka wakalifukia.

Hata ile "Mheshimiwa Spika" inayorudiwa kichwani mwa kila aya ya Hansard, ambayo mgeni huiona kuwa mzigo, mjuzi anaitumia. Ni pumzi. Kwenye jibu la nyongeza humpa nafasi ya kuwaza sentensi ijayo bila kuonekana amekwama, na kwenye jambo zito hutenga takwimu na ahadi ili zisichanganyike. Wengine huitawanya tu. Aliye makini huiweka pale jambo linapobadilika, na msikilizaji anajua sasa tumetoka kwenye maelezo, tumeingia kwenye kauli ya Serikali.

Mwezi Mei kwa kawaida ndiyo zamu ya afya katika Bunge la bajeti, na hapo kipimo ni kingine. Fungu 52, zaidi ya shilingi trilioni moja katika miaka ya karibuni, linatakiwa liombewe idhini kwa hotuba ambayo ni kitabu kizima. Hotuba ya bajeti ya afya ni rahisi kuiharibu kwa wingi wa mambo: chanjo, malaria, UKIMWI, kifua kikuu, saratani pale Ocean Road, moyo pale Taasisi ya Jakaya Kikwete, upandikizaji wa figo ulioanza Muhimbili mwaka 2017. Kila idara inataka aya yake. Waziri anayejua kazi huchagua takwimu chache ziwe nguzo.

Katika miaka ya karibuni nguzo kubwa imekuwa vifo vya kina mama. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015/16 ulionyesha vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukaonyesha 104. Kushuka namna hiyo kunamtosha waziri yeyote kusimama kifua mbele, na sababu zake zinaelezeka kwa Kiswahili cha kila mtu: wanawake wengi zaidi wanajifungulia kwenye vituo, na vituo vingi zaidi vinaweza kupasua usiku. Lakini ndani ya ripoti hizohizo kuna takwimu nyingine. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000; vya watoto wachanga, wale wa siku 28 za mwanzo, vilitoka 25 vikawa 24 tu. Kwangu hapo ndipo ilipo alama ya hotuba nzuri. Takwimu ya 104 inaleta makofi; ya 24 inaleta hoja ya fedha. Waziri anayeziweka pamoja anaweza kuliambia Bunge: mama tumeanza kumwokoa, mtoto bado, na kinachokosekana ni wodi za watoto wachanga, oksijeni na wauguzi waliofunzwa kumtunza aliyezaliwa na kilo moja na nusu. Udhaifu ukitajwa na waziri mwenyewe unakuwa sababu ya kuomba. Ukiachwa utajwe na mbunge unakuwa mashtaka.

Baada ya siku za mjadala na majumuisho ya waziri, Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi. Anayeongoza si "Mheshimiwa Spika" tena bali "Mheshimiwa Mwenyekiti", na ulimi uliozoea neno la kwanza huteleza mara kwa mara. Kinafikiwa kifungu chenye mshahara wa waziri, na mbunge anasimama kutaka ufafanuzi wa sera. Asiporidhika, anatangaza kwamba anatoa shilingi. Ni shilingi moja ya mshahara, isiyotosha hata pipi, lakini ikishatolewa mjadala unafunguka: wengine wanasimama kumuunga mkono mwenzao, waziri anaitwa tena, na mwisho mwenye shilingi anaulizwa kama anairudisha.

Sijui sehemu ya Bunge inayoonyesha tabia ya waziri wazi kuliko hii. Anaweza kushinda kwa wingi wa kura, kwa sababu chama chake kina wabunge wengi mno, na wako wanaotegemea hilo: wanarudia jibu lilelile kwa sauti kubwa zaidi mpaka Mwenyekiti awahoji wabunge. Fundi anataka shilingi irudishwe kwa hiari. Kwa hiyo anatafuta kitu cha kutoa. Si fedha, maana vitabu vya bajeti vimeshachapwa. Anatoa muda, taarifa, timu, mwongozo utakaoandikwa upya, mkutano na mbunge na wataalamu wake kabla ya mkutano ujao. Anatoa kidogo kuliko kilichoombwa, lakini anachotoa kinatekelezeka. Mbunge naye anapima, anajua wapiga kura wake wanasikiliza, na akirudisha shilingi yake hafanyi hivyo kwa kushindwa. Ameondoka na ahadi iliyoandikwa. Kwa maswali ya muda mrefu kama wazee wanaoambiwa matibabu ni bure wakakosa dawa, au wajawazito wanaoagizwa kununua vifaa vya kujifungulia wakati sera inasema wahudumiwe bila malipo, ahadi ndogo zilizoandikwa namna hii, moja juu ya nyingine, ndizo zilizosogeza mambo.

Jirani zetu wa Kenya waliiondoa sura hii kwenye mfumo wao. Kwa Katiba ya 2010 waziri si mbunge. Muswada wa Serikali hubebwa na Kiongozi wa Walio Wengi, na waziri huitwa mbele ya kamati, au siku hizi mbele ya Bunge zima, ajibu maswali. Mwaka 2023, Kenya na Tanzania zote mbili zilipitisha sheria kubwa za bima ya afya zikipishana kwa majuma machache. Mfumo wa Kenya una faida zake, ya kwanza ikiwa kwamba waziri anaweza kuwa mtaalamu asiyehitaji jimbo. Lakini anayeutazama ufundi ninaouzungumzia anaona kitu kimepotea: mwenye sheria hakai ukumbini ibara kwa ibara, akivumilia taarifa na miongozo ya utaratibu, akikubali neno hili na kulikataa lile.

Na muswada wetu wa bima ya afya kwa wote ndio mfano mkubwa kuliko yote. Ulisomwa kwa mara ya kwanza Septemba 2022. Wakati huo takribani asilimia 15 tu ya Watanzania walikuwa na bima ya aina yoyote, kuanzia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulioundwa kwa sheria ya 1999 hadi CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii ambao kaya ya watu sita mikoani ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Muswada ulitaka kila mtu aingie, na ili kumsukuma asiyetaka uliambatanisha bima na huduma nyingine za Serikali, leseni ya udereva ikiwamo. Viwango vilivyozungumzwa hadharani vilikuwa shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita na 84,000 kwa mtu mmoja. Wabunge walirudi majimboni na viwango hivyo wakarudi Dodoma na maswali. Mkulima anayevuna mara moja kwa mwaka alipe lini? Asiyeweza kabisa nani atamlipia, na fedha hiyo inatoka wapi?

Swali la mwisho halikuwa na jibu la kutosha, na muswada haukusogea. Ulingojewa Novemba, ukangojewa Februari 2023, Serikali ikaomba muda zaidi wa kutafuta chanzo cha fedha za kuwalipia wasio na uwezo. Wapo walioliita jambo hili kushindwa. Mimi nalihesabu miongoni mwa kazi bora za wizara katika kipindi chote hicho. Wingi wa kura ulikuwapo, na Serikali ingeweza kupitisha bima isiyo na fedha ya maskini na kuwaachia watoa huduma waamue dirishani nani atibiwe. Waziri aliyelisikia swali la nyongeza na kukubali kwamba hana jibu lake alilipa kwa kuvumilia kejeli za miezi kadhaa.

Katika miezi hiyohiyo likaja suala la Toto Afya Kadi. Tangu 2016 mzazi aliweza kumkatia mtoto bima kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Machi 2023 Mfuko ulisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja na kuelekeza watoto wasajiliwe kupitia shule au na familia zao. Kelele za Bunge zilikuwa za haki. Mzazi wa mtoto mwenye sikoseli hakuwa na pa kushika. Upande wa pili nao ulikuwa na hoja yake, nayo ni ngumu kuitetea hadharani: wengi walisajiliwa wakiwa tayari wanaumwa, na mfuko ukalipa zaidi sana kuliko ulichokusanya. Kila mwenye kikundi cha kufa na kuzikana mtaani anaijua hoja hii bila kusoma uchumi. Kikundi ambacho watu hujiunga siku ya msiba na kuondoka baada ya arobaini hakimziki hata mmoja. Waziri alitakiwa alitetee hilo mbele ya wabunge waliokuwa na picha za watoto vichwani mwao, na alitakiwa pia akubali kwamba watoto wale walikuwa wa kweli. Alichoweza kukifanya bila kudanganya ni kuyaunganisha mambo mawili: kuonyesha kwamba tatizo la kadi ya mtoto ndilo tatizo la nchi nzima, na kwamba dawa yake ni muswada ule uliokwama.

Muswada uliporudi na kupitishwa mwanzoni mwa Novemba 2023, ulirudi na mfuko wa wasio na uwezo, na vyanzo vikatajwa ndani ya sheria yenyewe: sehemu ya ushuru wa vinywaji baridi, pombe na vipodozi, kodi ya michezo ya kubahatisha, bima za vyombo vya moto, tozo ya miamala ya kielektroniki. Ndiyo Sheria Na. 13 ya mwaka 2023. Katika Kamati ya Bunge Zima, ibara moja baada ya nyingine na jedwali la marekebisho mkononi, uanasheria wa waziri ulikuwa nyumbani. Bado nadhani sheria ile ina sehemu laini, hasa kwa kuwa ushuru wa soda na bia hupanda na kushuka kwa matakwa ya Wizara ya Fedha kila Juni. Ila swali la mbunge wa 2022 limejibiwa kwa ibara, na jibu la aina hiyo ndilo refu kuliko yote anayoweza kutoa waziri.

Kuna upande mwingine wa kazi hii usioshangiliwa: kuutaja mwili. Bunge letu linazungumza Kiswahili na linarushwa moja kwa moja, babu na mjukuu wakisikiliza pamoja. Waziri wa Afya anatakiwa ataje shingo ya kizazi, tezi dume, hedhi na ngono, kwa majina yake, bila kuudhi na bila kufichaficha mpaka maana ipotee. Kicheko huwa karibu, hasa kwenye tezi dume, na kikianza kinamgharimu mtu: yuko mwanamume nyumbani ambaye angeenda kupima na sasa ameona haya. Mwaka 2018 ilipoanzishwa nchini kote chanjo ya kuzuia saratani ya shingo ya kizazi kwa wasichana wa miaka 14, na Novemba 2019 Bunge lilipobadili Sheria ya UKIMWI ili kijana wa miaka 15 aweze kupima VVU bila ridhaa ya mzazi na mtu aweze kujipima mwenyewe, Serikali ilikuwa inagusa mambo ambayo familia nyingi haziyasemi mezani. Yalipita, na sehemu ya sababu ni kwamba yalielezwa kwa sauti ya kawaida, kama mambo ya afya.

Ufundi huu una ukingo wake, na anayeupenda lazima auonyeshe. Mwaka 2020 Ummy Mwalimu yuleyule alitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini, tarehe 16 Machi, kwa maelezo yaliyo wazi. Kabla ya katikati ya mwaka takwimu za kila mara zilikuwa zimekoma kutolewa. Ufasaha hauwezi kukaa mahali pa takwimu isiyotolewa. Linganisha na Marburg ya Kagera: ilitangazwa Machi 2023, wagonjwa na vifo vikahesabiwa hadharani, na Juni 2 ikatangazwa kwisha. Wizara ile, nchi ile, mdomo uleule. Tofauti ilikuwa kile alichoruhusiwa kukishika mkononi aliposimama.

Agosti 2024 Ummy Mwalimu aliondoka wizarani na Jenista Mhagama akaingia. Majibu hayakuondoka naye. Mbunge yeyote anaweza kumsomea waziri mpya maneno ya waziri wa zamani kutoka kwenye Hansard, naye hana ruhusa ya kusema hayakuwa yake. Sheria ya bima nayo imeacha mengi yaamuliwe kwa kanuni za waziri: kitita cha msingi kina huduma zipi, nani anatambuliwa kuwa hana uwezo na anatambuliwaje, mtoa huduma alipwe ndani ya muda gani. Kila kanuni kati ya hizo itamrudia mtu bungeni ikiwa na jina la dawa, jina la kata na mgonjwa aliyegeuzwa dirishani na kadi yake. Anayekalia kiti hicho sasa na watakaomfuata wanahitaji kukijua kitita chote, huduma kwa huduma, kabla ya saa 3 asubuhi.